Kabla Lori Halijaondoka Kwenda Isiolo

Ukame unapoanza kutajwa kwenye taarifa za jioni, makanisa ya Nairobi, Nakuru, Nyeri na Meru huanza kujipanga. Akina mama hutangaziwa mchango wa unga, vijana hukusanya nguo, mweka hazina hutafuta lori la bei nafuu. Wiki mbili tatu baadaye msafara umepita Nanyuki, umeteremka Timau, na joto la Isiolo limeupokea. Moyo unaowasukuma watu hawa ni mwema, na kaskazini mwa Kenya umeokoa maisha ya wengi.

Mwongozo huu umeandikiwa kamati inayopanga safari ya namna hiyo, pamoja na kanisa lililoko Isiolo kwenyewe linalojiuliza ligawe vipi kile kidogo lilicho nacho. Hoja yake ni moja: Isiolo tayari ina watu wanaojua ni nyumba gani haijawasha moto tangu juzi, na ina desturi za kusaidiana zilizotangulia lori lolote. Huduma inayoanza kwa watu hao hufika mbali. Inayowapita huacha picha nyingi na chakula cha siku moja.

Anzeni kwa kujua mnakokwenda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 25,000 za mraba. Ndani yake wamo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasakuye, Wagabra na wengine, na wengi wa wakazi ni Waislamu. Mjini, mtu hutoka Bulla Pesa akaingia Kulamawe au Kambi Turkana na kusikia lugha tatu kabla hajamaliza soda yake. Nje ya mji ni nchi ya mifugo: Merti, Garbatulla, Kinna, Sericho, Oldonyiro, Ngaremara. Mto Ewaso Ng'iro hupita humo ukielekea kwenye kinamasi cha Lorian, na maisha hupimwa kwa misimu miwili ya mvua, ile ya Machi hadi Mei ambayo Waborana huiita Ganna, na ile ya Oktoba hadi Desemba, Hagaya. Msimu mmoja ukikosekana, watu hubana. Ikikosekana miwili, mifugo huanza kuanguka.

Historia nayo ina uzito. Wakati wa vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kwisha 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika kambi zilizolindwa, Garbatulla na Merti zikiwemo. Mifugo mingi iliuawa au ikafa kwa kufungiwa mahali pasipo malisho. Waborana wa eneo hili huuita wakati huo Daaba, yaani wakati mambo yaliposimama. Familia zilizokuwa na ngamia wengi zilitoka kambini zikiwa hazina kitu, na hapo ndipo chakula cha msaada kilipoanza kuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo mzee anayewapokea chini ya mti amewaona wafadhili wa kila aina kwa takriban miaka 60. Ameona miradi ya umwagiliaji kando ya mto ikizinduliwa kwa sherehe na kuachwa, na visima ambavyo pampu zake zilinyamaza. Msichukulie ukimya wake kuwa ni kutoelewa.

Kanisa lina sifa yake Isiolo, na ni sifa ya kukaa. Vikarieti ya Kitume ya Isiolo ilianzishwa Desemba 1995 kwa kumegwa kutoka Dayosisi ya Meru, na askofu wake wa kwanza, Luigi Locati, padri wa Jimbo Kuu la Vercelli nchini Italia, alikuwa ameshaishi Kenya kwa miongo kadhaa. Kanisa kuu la mji lina jina la Mtakatifu Eusebio, askofu wa kale wa Vercelli. Locati aliipa elimu ya watoto wa wafugaji nafasi kubwa katika kazi yake. Tarehe 14 Julai 2005 alipigwa risasi mjini Isiolo akafa. Kazi haikufungwa. Mwaka 2023 vikarieti hiyo ilipandishwa kuwa dayosisi kamili, chini ya Askofu Peter Munguti Makau. Wamethodisti nao wana historia ndefu upande wa Garbatulla, na kwa jirani, huko Maua, hospitali yao imetibu watu wa nyanda hizi tangu enzi za ukoloni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kukodi gari. Hatua ya kwanza ni kumpigia simu padri, mchungaji au sista ambaye tayari anaishi pale, na kumwuliza maswali mawili: watu wanahitaji nini mwezi huu, na ni nani mwingine anayesaidia? Kanisa Katoliki lina Caritas Isiolo, idara ya huduma ya dayosisi. Makanisa mengine yana kamati zao. Jibu la swali la pili ndilo hushangaza wengi. Mara kwa mara kijiji kilicho kando ya lami kimeshapokea misaada ya makundi manne, na kile kilicho saa tano ndani ya vumbi hakijaona hata mmoja. Barabara nzuri ya kwenda Moyale imerahisisha safari, lakini pia imevuta misaada yote ikae kando yake.

Baada ya kanisa, ulizeni wengine. Chifu na naibu wake lazima wajue mnakuja, na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndiyo itakayowaambia kama njia ni salama na kama mnahitaji kusindikizwa na polisi. Upande wa Waborana, wazee wa dedha ndio wasimamizi wa malisho, na anayeitwa aba herega ndiye hupanga zamu ya kunywesha mifugo kisimani. Imamu wa msikiti anawajua wajane wa mtaa wake kwa majina. Kikundi cha akina mama wanaouza maziwa kinajua nani ameacha kuleta maziwa sokoni, na hiyo ni ishara ya mapema kuliko ripoti yoyote. Zaidi ya hao, NDMA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame. Humo mtakuta bei ya mbuzi, bei ya mahindi, umbali wa kutembea kutafuta maji, na hatua ukame uliyofikia: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kujikwamua. Haiuzwi. Kamati isiyoisoma inasafiri gizani.

Hatua hizo tano zina maana kubwa kwa mweka hazina wa kanisa. Makanisa mengi hutoa pesa wakati wa dharura, picha za mizoga zinapoonekana. Lakini ukame huja polepole. Ule mkubwa wa karibuni ulianza na mvua za Oktoba hadi Desemba 2020, zilizoshindwa, zikafuatwa na misimu mingine minne mibaya hadi mwisho wa 2022. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Hadi unakwisha, zaidi ya mifugo milioni 2.5 ilikuwa imekufa nchini. Familia iliyopoteza mbuzi wote itahitaji chakula cha msaada kwa miaka, ilhali familia iliyosaidiwa kubakisha mbuzi 15 itajisimamia mvua ikirudi. Tengeni basi mfuko wa akiba mwaka wa neema, sadaka ya mavuno ikiwa nono, na mkubaliane mapema kwamba pesa hizo zitatoka kaunti ikiingia hatua ya tahadhari. Ni vigumu kuwashawishi waumini watoe kabla ya machozi, lakini mchungaji anayeweza kuwaeleza hivyo mimbarini atakuwa ameokoa mengi kwa shilingi ileile.

Sasa hesabu ya lori, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hutokea. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuvitunga mwaka 1997, vinasema mtu anahitaji takriban kalori 2,100 kwa siku. Unga wa gramu 400 kwa mtu humpa kama theluthi mbili, na sehemu iliyobaki hutoka kwenye mafuta, maharagwe au maziwa. Familia ya watu sita, basi, humaliza kilo 2.4 za unga kila siku na kilo 72 kwa mwezi. Lori la tani 10 litalisha familia 138 kwa mwezi mmoja. Unga huohuo ukiwa kwenye pakiti za kilo mbili ni pakiti 5,000, na kamati inaweza kurudi nyumbani ikitangaza kwamba imefikia nyumba 5,000. Kweli imezifikia, na katika kila moja unga umekwisha kabla siku ya kwanza haijaisha. Ni afadhali kuchagua vijiji viwili na kuvishikilia kwa miezi mitatu hadi mvua inyeshe, hata kama hesabu ya nyumba itaonekana ndogo kwenye ripoti.

Chakula chenyewe kichaguliwe kwa jicho la mpishi. Mahindi mazima ni nafuu Meru, lakini mama wa Sericho atayasaga wapi, na kwa pesa gani? Pelekeni unga. Maharagwe makavu huchukua saa nyingi motoni na hunywa maji mengi, na pale maji yanapobebwa kwa punda hilo ni zigo, kwa hiyo ulizeni kama dengu au ndengu zinazoiva haraka zingefaa zaidi. Mafuta ya kupikia yasikosekane, maana ni mepesi kubeba na yana nguvu nyingi. Chai na sukari, ambazo kamati huziona kuwa anasa, ni sehemu ya mlo wa mfugaji pamoja na maziwa. Mahindi yenye ukungu yasipakiwe hata kama yametolewa kwa moyo safi: sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Wala msibebe maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Sheria ya Kenya ya 2012 inadhibiti ugawaji wake, na sababu yake ni nzito, kwani maziwa hayo yakikorogwa kwa maji machafu huleta kuhara na mama huacha kunyonyesha. Mlisheni mama.

Kuhusu nguo, jambo moja tu. Soko la mitumba lipo Isiolo. Kama mna nguo nyingi, ziuzeni kwenu na mtume pesa, isipokuwa mablanketi, neti za mbu na sodo za wasichana wa shule, ambazo huhitajika karibu kila wakati.

Pesa ni suala linalostahili mjadala wa kweli katika kamati. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kumtumia mtu wa Garbatulla shilingi elfu tano hakuhitaji dereva wala dizeli. Duka likiwa na bidhaa, pesa humwezesha mama kununua unga leo, dawa ya mbuzi kesho, na kumlipa mwenye duka deni lake, naye mwenye duka ataagiza mzigo mwingine. Msaada wa unga wa bure, kinyume chake, unaweza kumfungia duka. Lakini duka likiwa tupu, au bei zikiwa zimeruka, pesa haziliki na lori ndilo jibu. Kuna pia wazee na wajane wasio na kitambulisho, hivyo hawana laini ya simu kwa majina yao, na sehemu ambako mtandao hupatikana tu juu ya kilima. Ulizeni bei za maduka matatu kabla ya kuamua. Serikali yenyewe hutoa fedha kwa kaya maskini za kaunti kame kupitia mpango wake wa kukabili njaa, na Isiolo iliingizwa humo baadaye, baada ya Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Jueni ni nani tayari anapokea ili msirudie kazi ya mwingine.

Makanisa ya Timau na Meru yana bahati ambayo yale ya Nairobi hayana, yaani yako karibu na majani. Wakati wa tahadhari, lori la marobota ya nyasi kutoka nyanda za juu likifikishwa Ngaremara au Burat linaweza kuokoa mbuzi wa maziwa waliobaki nyumbani na watoto. Njia nyingine, ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limeitumia mara kadhaa katika kaunti kame, ni kununua mifugo dhaifu kabla haijafa, kuichinja na kugawa nyama kwa familia zenye uhitaji. Mwenye mbuzi anapata pesa, jirani anapata nyama, malisho yanapumzika. Mkiifanya, ofisa wa mifugo wa kaunti akague kila mnyama, na mchinjaji awe Mwislamu anayefuata utaratibu wa dini yake, ili nyama iliwe na kila mtu. Kanisa lisione haya kumlipa mchinjaji huyo kama fundi mwingine yeyote.

Wazee wa Waborana wakiulizwa wanavyosaidiana watawatajia busa gonofa. Ni utaratibu wa ukoo ambao aliyepotelewa na mifugo kwa ukame, ugonjwa au wizi hufika mbele ya wazee, nao hukusanya wanyama kutoka kwa wenye uwezo na kumpa aanze upya. Kuna pia dabarre, kumwazima ndugu mnyama mwenye maziwa ili watoto wake wanywe, mnyama akibaki mali ya mwenyewe. Waislamu wana zaka na sadaka. Mifumo hii imechoka, kwa sababu ukame mkubwa huwapiga watoaji na wapokeaji kwa pamoja, lakini haijafa. Hapa ndipo kanisa linaweza kufanya jambo ambalo lori haliwezi. Badala ya kununua mbuzi 60 na kuwagawa kwa orodha yake, linaweza kuwakalisha wazee, kusikia ni nani wangempa busa gonofa kama wangekuwa na uwezo, na kuchangia kundi hilo kupitia wao. Wazee ndio watakaofuatilia kama mbuzi wameuzwa wiki ya pili. Mvua ziwe zimeshanyesha na nyasi ziwe zimeota; kugawa mbuzi katikati ya kiangazi ni kugawa mizoga. Na ulizeni pia wanawake peke yao, faraghani, kwa sababu mjane aliyeolewa kutoka mbali anaweza kukosa ukoo wa kumsemea.

Orodha ya wapokeaji ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na kanisa halina haki ya kuifanya kwa haraka. Ugomvi wa kwanza unaosimuliwa ndani ya Kanisa lenyewe, katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, ulihusu jambo hilohilo: wajane wa kundi moja la lugha walikuwa wakisahaulika katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie meza. Fanyeni vivyo hivyo. Itisheni baraza, wananchi wataje vigezo vyao vya uhitaji, majina yatolewe hadharani, kisha orodha isomwe kwa sauti na watu wapinge au wakubali.

Jihadharini na mitego ya Isiolo. Familia ya mfugaji hugawanyika: wazee, kina mama na watoto hubaki warra, nyumbani na mifugo michache ya maziwa, huku vijana wakiwa fora, mbali na kundi kubwa. Orodha iliyoandikwa mjini huyakosa makundi yote mawili. Mume mwenye wake watatu ana nyumba tatu zenye sufuria tatu, na kumwandikisha yeye peke yake ni kuwanyima watoto wa nyumba mbili. Tena, mapigano ya 2011 na 2012 yaliyowafukuza watu majumbani karibu na mji yaliacha vidonda kati ya jamii. Kijiji cha Waturkana kikipewa na cha Waborana kilicho ng'ambo ya lugga, yaani mto wa msimu, kikaachwa, mmepanda neno baya hata kama hamkukusudia. Kabla ya kutangaza chochote, waiteni wazee wa pande zote mbili wakae pamoja na waambiwe kwa uwazi kiasi kilichopo.

Siku ya ugawaji ianze mapema, kabla ya jua kali. Wekeni kivuli, maji ya kunywa, na mstari wa pekee kwa wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Tangazeni kwa Kiswahili, Kiborana, Kiturkana au lugha yoyote iliyopo, kila mtu anastahili nini: kilo ngapi, lita ngapi. Mtu anayejua haki yake hadhulumiwi kirahisi. Pimeni hadharani. Sanduku la malalamiko halimsaidii asiyejua kusoma, hivyo teueni mwanamke mmoja anayeheshimika asikilize manung'uniko kando, na atoe namba ya simu ya mtu asiye katika kamati ya ugawaji. Kila mtu wa msafara, dereva na utingo wakiwemo, aambiwe kabla ya kuondoka kwamba kuomba namba ya msichana au chochote kingine kwa kubadilishana na unga kutamfukuzisha na kumfikisha polisi. Semeni hivyo bila kuzungukazunguka.

Msipige picha za nyuso za wenye njaa. Pigeni picha ya magunia kama mnahitaji ushahidi, na kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na ninyi mnapoandika majina na namba za vitambulisho.

Kisha imani. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yalikubaliana mwaka 1994, yakiwemo ya kikanisa kama Caritas, zinakataza msaada kutumiwa kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Isiolo jambo hili lina uzito wa pekee. Mwislamu akiombwa aimbe wimbo wa injili kabla ya kupewa unga, ataimba kwa sababu watoto wana njaa, na jioni mtaa mzima utakuwa unajua kilichotokea. Padri au mchungaji anayeishi pale ndiye atakayelipa gharama hiyo baada ya msafara kurudi Nairobi. Fanyeni ibada yenu asubuhi kanisani, na waumini wa huko watafurahi sana kusali na wageni. Kwenye ugawaji, sala fupi ya imamu na ya mchungaji inatosha, wote wawili wakisimama pamoja. Msamaria wa kwenye mfano wa Yesu hakumwuliza aliyejeruhiwa anasali wapi, naye alimlipa mwenye nyumba ya wageni gharama za siku zilizofuata.

Watoto wanahitaji macho ya mtaalamu. Wahudumu wa afya ya jamii wana utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano; chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, chini ya 11.5 ni hali mbaya inayotaka kliniki mara moja. Changieni nauli ya bodaboda ya kumfikisha huko na kumrudisha kila wiki, kwa sababu chakula cha tiba hutolewa bure lakini njia haiendeki bure. Msianzishe kituo cha watoto yatima. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 ni kuwarudisha watoto kwa jamaa. Mtoto aliyefiwa Isiolo karibu kila mara ana nyanya au shangazi, na karo na unga vikimfikia nyanya huyo, mtoto atabaki na lugha yake, ukoo wake na haki yake ya malisho.

Maji ndiyo kishawishi kikubwa cha makanisa yenye pesa. Kupeleka boza la maji ni ghali: lita 15 kwa mtu kwa siku, kiwango cha chini kabisa cha Sphere, ni lita 90 kwa familia ya sita, na boza la lita 10,000 huhudumia familia 111 siku moja tu. Kisima kirefu huonekana jibu, lakini kinahitaji uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na idhini ya wazee wa malisho. Kisima kikichimbwa katikati ya malisho ya msimu wa mvua, watu watahamia hapo kwa kudumu na nyasi zitakwisha. Mara nyingi fedha hutumika vizuri zaidi kukarabati kilichopo: kubadilisha pampu, kuweka sola, kufukua silanga iliyojaa mchanga. Maji yaliyopo yawe na kamati, ada inayojulikana, na fundi aliye karibu anayejua kufungua pampu hiyo. Kumbukeni pia kwamba mvua inaweza kuja kwa fujo. Mwishoni mwa 2023, baada ya miaka ya ukame, mafuriko yaliikumba Isiolo pamoja na kaunti nyingine za kaskazini, na mifugo iliyosalia hai lakini dhaifu ikafa kwa maji na baridi.

Mkiwa na nia ya kurudi mwaka hadi mwaka, wekezeni palipo na kazi. Wanawake wa ushirika wa Anolei mjini Isiolo hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapakia kwenye mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi. Kazi ya namna hiyo haihitaji huruma, inahitaji mitungi safi ya kubebea, friji, umeme wa uhakika na mnunuzi anayelipa kwa wakati. Kanisa lenye wahasibu na mafundi wa umeme kati ya waumini wake lina cha kutoa hapo. Karo nayo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa miaka yote ya sekondari; kumlipia msichana muhula mmoja na kumwacha ni kumrudisha nyumbani akiwa na aibu.

Mwisho ni hesabu. Ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, andikeni ukurasa mmoja: kilichokusanywa, kilichotumika kwa usafiri, kilichofika, familia ngapi zilipata kiasi gani, malalamiko gani yalitolewa na yalijibiwa vipi. Nauli na malazi ya wajumbe yaandikwe pia; kama yanazidi thamani ya unga uliobebwa, safari ijayo watumwe watu wawili na pesa zilizobaki ziende kwa Caritas au kwa parokia. Ukurasa huo usomwe mbele ya waumini Jumapili, na nakala yake ipelekwe kwa padri au mchungaji wa Isiolo, kwa chifu na kwa imamu, isomwe tena barazani kwa lugha ya watu, pale pale orodha ya kwanza iliposomwa, ili kila aliyetajwa humo apate nafasi ya kusema kama ndivyo ilivyokuwa.